Maswali ya Wasomaji: Taa ya Kinu, Karafuu na Nyota

Mwezi uliopita, katika kumjibu msomaji aliyeuliza juu ya usafi wa viungo vyetu, tuliandika kwa sentensi moja tu kwamba kiasi cha risasi kilichomo ndani ya karafuu huweza kupimwa kwa taa ndogo ya gesi ambayo kathodi yake, yaani kipande cha metali kilichoungwa na upande hasi wa umeme, ina uvungu kama kinu. Sentensi hiyo imetuletea barua kutoka Unguja na Pemba, na tano kati ya hizo tunazijibu hapa. Risasi tunayoizungumza ni ile metali laini na nzito, wala si risasi ya bunduki. Ama kathodi yenyewe, Kiswahili bado hakijaipa jina lililozoeleka. Kwa kuwa kila mtu hapa anakijua kinu, nitaiita kathodi ya kinu.

Assalamu alaykum. Nasomesha fizikia katika skuli ya sekondari. Tunawaeleza wanafunzi kwamba umeme ukipitishwa ndani ya mrija wenye gesi hafifu, gesi huwaka. Mwanafunzi wangu mmoja ameniuliza: ikiwa gesi ni ileile na umeme ni uleule, kathodi kuwa bapa au kuwa na shimo kunaleta tofauti gani? Sikuwa na jibu la kumridhisha. — Mwalimu, Wete

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Swali la mwanafunzi wako ndilo kiini cha jambo zima, na ningependa tulijibu polepole.

Tuanze na kathodi bapa. Ndani ya mrija, ioni, yaani atomi za gesi zilizopokonywa elektroni zikabaki na chaji chanya, huvutwa na kathodi, ambayo ni hasi, zikaigonga kwa kasi. Kwa kukadiria, huhitajika mapigo ya ioni kumi hivi ili elektroni moja ichomoke kwenye metali. Elektroni hiyo husukumwa na mamia ya volti, ikavuka ukanda mwembamba wa giza ulio mbele ya kathodi, kisha ikaingia kwenye eneo la mng'ao, ambamo huzigonga atomi za gesi na kuzigeuza kuwa ioni mpya. Ili taa isizimike, kila elektroni inayotoka lazima, kabla haijapotea, izae ioni za kutosha kuichomoa mwenzake mmoja.

Sasa tupige hesabu. Katika gesi ya argoni, kuzaa jozi moja ya ioni na elektroni hugharimu wastani wa elektroni-volti 26 hivi (elektroni-volti ni nishati ambayo elektroni huipata ikisukumwa na volti moja), kwa hiyo elektroni iliyopewa elektroni-volti 260 ina mtaji wa jozi kumi. Tatizo ni kwamba mbele ya kathodi bapa elektroni nyingi hupita mara moja tu na kwenda zao kwenye anodi, yaani upande chanya, au hukwama kwenye kioo, zikiwa na sehemu kubwa ya mtaji huo mkononi. Ioni nazo, baadhi yake, hupotelea pembeni bila ya kuigonga kathodi. Hasara hiyo hulipwa kwa volti: ukitaka mkondo mkubwa zaidi, huna budi kuongeza msukumo.

Ikunje kathodi hiyo iwe kinu, na hali hubadilika. Elektroni iliyochomoka ukuta wa kulia huvuka mng'ao, ikaukaribia ukuta wa kushoto. Lakini ukuta huo nao ni hasi, kwa hiyo huirudisha ilikotoka kabla haijaugusa. Huko nako hukataliwa vilevile. Mtoto akipiga mpira katika uwanja wa Mnazi Mmoja, mpira huenda mara moja na kwisha. Akiupiga ndani ya kichochoro cha Mji Mkongwe, hugonga ukuta huu na ule mpaka nguvu zake zimalizike palepale. Ndivyo elektroni inavyoutumia mtaji wake wote ndani ya kinu. Ioni inazozizaa zimezungukwa na kathodi kila upande, hivyo takribani zote huishia kuigonga. Hata miali ya urujuanimno inayotoka kwenye mng'ao, ambayo mbele ya kathodi bapa ingetawanyika ovyo, hapa huziangukia kuta na kuchomoa elektroni nyingine. Matokeo yake ni kwamba kwa volti zilezile mkondo unaweza kuongezeka mara kumi, mara mia, na pengine zaidi.

Sharti moja halikwepeki, nalo ni uwiano wa upana wa shimo na kanieneo ya gesi. Shimo likiwa pana mno kwa gesi iliyomo, kila ukuta hubaki na mng'ao wake peke yake na faida yote hutoweka. Likiwa jembamba mno, kanda za giza za kuta mbili hukutana na mng'ao hukosa pa kukaa. Kinachoamua ni zao la kanieneo na upana, na jambo hili ni ndugu wa kanuni aliyoieleza Mjerumani Friedrich Paschen mwaka 1889 alipopima volti zinazohitajika ili cheche iruke ndani ya gesi. Kwa hiyo ukilipunguza shimo mara kumi unaweza kuiongeza gesi mara kumi. Katika miaka ya 1990 watafiti waliifuata njia hiyo mpaka mwisho wake, wakatoboa vishimo vyenye upana wa sehemu ndogo ya milimita, ambavyo huwaka bila ya ombwe, katika kanieneo kama ya hewa hii tunayoivuta.

Paschen huyohuyo ndiye aliyeifanya kathodi ya kinu kuwa chombo cha sayansi, mwaka 1916. Alitaka kuuchunguza mstari wa nuru, yaani rangi moja mahususi inayotolewa na atomi, wa ioni ya heliamu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 468.6, ili kujua kama kweli umegawika katika vijistari vidogo kama nadharia mpya ya Arnold Sommerfeld ilivyotabiri. Katika mirija ya kawaida nguvu za umeme ziliupanua mstari huo hadi vijistari vikachanganyikana. Ndani ya kinu, mng'ao hukaa mahali ambapo nguvu hizo ni dhaifu, na mistari hutoka myembamba na safi. Baadaye Hermann Schüler alikipoza kinu kwa hewa iliyogeuzwa kimiminika, ili atomi zipunguze mwendo na mistari izidi kuwa myembamba. Mwaka 1935 yeye na Theodor Schmidt, kwa kuisoma mistari ya metali ya europiamu, walitambua kwamba kiini cha atomi hiyo si duara kamili. Namwomba Mwalimu amweleze mwanafunzi wake jambo hili la mwisho hasa: umbo la kiini cha atomi, kitu ambacho hakuna hadubini ya nuru iwezayo kukionesha, lilijulikana kwa kutazama mwanga uliotoka ndani ya shimo la metali.

Mimi ni mkulima wa karafuu. Kijana wangu anafanya kazi kwa mnunuzi wa viungo, na ananambia kwamba karafuu hupelekwa maabara zikapimwe kwa "taa ya risasi", na kwamba ipo taa ya shaba, taa ya zinki, kila metali na taa yake. Kwa nini isitoshe taa moja? Na hiyo taa ya risasi haiwezi kuzitia sumu karafuu zetu? — Mkulima, Wawi

Mzee wangu, nianze na hofu yako. Risasi ya taa imefungwa ndani ya kioo na haitoki. Kinachotoka ni nuru tu. Isitoshe, karafuu zinazopimwa ni chache, husagwa, zikayeyushwa katika tindikali na kuunguzwa, wala hazirudi tena kwenye gunia.

Ama kwa nini kila metali ina taa yake, sababu ni kwamba kinu chenyewe hutengenezwa kwa metali inayotafutwa, au hupakwa metali hiyo kwa ndani. Ioni za neoni au argoni zinapokigonga, pamoja na kuchomoa elektroni, huchubua pia atomi za metali moja moja. Atomi hizo hubaki zikielea ndani ya kinu kama mvuke, zikagongwa na elektroni zile zinazokwenda na kurudi, na kila inapogongwa hutoa nuru ya aina yake yenyewe. Atomi ya risasi hutoa, miongoni mwa mistari yake, nuru ya nanomita 283.3, ya manganizi 279.5, ya shaba 324.8. Yote hiyo ni nuru ya urujuanimno ambayo jicho haliioni. Rangi nyekundu au ya buluu anayoiona kijana wako akichungulia taa hizo ni ya neoni au ya argoni, ambayo ipo kubeba umeme tu. Gesi humo ni hafifu sana, kwa kawaida haifikii hata sehemu moja ya mia ya kanieneo ya hewa ya nje, na umeme unaopita ni miliampea chache.

Mwaka 1859 Gustav Kirchhoff alionesha kwamba mvuke wa kitu hufyonza nuru ileile ambayo kitu hicho hutoa kikiwaka. Upimaji wa karafuu zako umesimama juu ya kanuni hiyo. Maji ya karafuu hupuliziwa ndani ya mwale wa moto wa hewa na asetilini, wenye joto la nyuzi 2,300 hivi za Selsiasi, ambamo vitu vingi huvunjika kuwa atomi. Nuru ya taa ya risasi hupitishwa katikati ya moto huo. Atomi za manganizi, za chuma au za shaba zilizomo humo huiacha ipite, kwa kuwa si yao. Atomi za risasi, kama zipo, huifyonza. Upande wa pili kipo kifaa kinachopima nuru iliyobaki, na fundi hulinganisha upungufu huo na ule unaotokana na maji aliyoyatia risasi ya kiasi anachokijua.

Kwa nini basi isitumike taa ya kawaida yenye nuru ya kila rangi? Hapa nitasema kwa lugha ya shamba. Atomi ndani ya moto hufyonza ukanda mwembamba mno wa nuru, wenye upana wa sehemu chache tu za elfu moja ya nanomita. Kifaa cha kawaida cha kuchambua nuru hakiwezi kuutenga ukanda mwembamba kiasi hicho. Huchukua ukanda wenye upana wa mara mia hivi. Ukitumia taa ya nuru zote, unakuwa kama mtu aliyechota punje chache kutoka gunia zima kisha akaulizwa gunia limepungua kiasi gani. Taa ya kinu hutoa mstari ulio mwembamba hata kuliko ule ambao moto hufyonza. Sasa punje zimechotwa kwenye kibaba, na upungufu unaonekana.

Aliyeliona hili ni Alan Walsh, Mwingereza aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CSIRO nchini Australia. Wazo lilimjia mwaka 1952, Jumapili moja alipokuwa akishughulikia bustani yake, na maelezo kamili aliyachapisha mwaka 1955. Kwa miaka mingi wanakemia walikuwa wakipima nuru inayotolewa na atomi zilizowaka, ilhali ndani ya moto atomi nyingi kabisa huwa zimetulia, haziwaki; Walsh alipendekeza wapime nuru inayofyonzwa na hizo zilizotulia. Pia aliifanya nuru ya taa iwe ya kumemeta kwa mpigo maalumu, ili kipimo kiitambue na kuitenga na mwanga wa moto wenyewe.

Lipo jambo moja ambalo ningependa wauzaji na wanunuzi walielewe vizuri. Kukuta metali ndani ya karafuu si dalili ya uchafu peke yake. Karafuu kwa maumbile yake ina manganizi nyingi mno: gramu 100 za karafuu kavu huwa na miligramu 60 hivi, kiasi ambacho vyakula vichache sana hukikaribia. Hiyo ni tabia ya mkarafuu. Risasi ndiyo isiyo na kazi yoyote katika mwili wa mtu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa watoto wadogo. Udongo wa kando ya barabara huihifadhi risasi ya petroli ya zamani, ile iliyokomeshwa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, kwa sababu metali haiozi. Kwa hiyo wazee wanaosisitiza karafuu zianikwe juu ya majamvi, mbali na barabara, wana hoja ambayo taa hii inaweza kuithibitisha.

Siku hizi zipo mashine zinazopima metali nyingi kwa pamoja, na ni nzuri sana, ila gharama zake na gesi zinazokula ni kubwa. Kwa maabara ya visiwani inayotaka jibu la metali mbili au tatu, mimi naona taa ya Walsh bado inatosha kabisa, mradi mtumiaji wake amefunzwa vizuri na maji yake ya kulinganishia ni safi.

Ni kweli kwamba taa za aina hii zimesaidia kugundua sayari za nyota nyingine? — Mwanafunzi wa chuo, Tunguu

Ni kweli. Sayari inapoizunguka nyota, nyota nayo huyumba kidogo, ikitukaribia na kutuacha kwa zamu, na mistari katika nuru yake husogea kidogo kila upande. Michel Mayor na Didier Queloz, waliotangaza mwaka 1995 sayari ya nyota iitwayo 51 Pegasi, walipima myumbo wa kiasi cha mita 59 kwa sekunde. Ukiubadilisha kuwa msogeo wa nuru, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 550 unapata karibu sehemu moja ya elfu kumi ya nanomita. Hakuna chombo cha darubini kisichotetereka kwa kiasi hicho kutokana na joto na baridi tu. Lazima kando ya nuru ya nyota iwekwe rula isiyosogea, na rula waliyoitumia ilikuwa taa ya kinu chenye thoriamu ndani ya gesi ya argoni.

Thoriamu ilichaguliwa kwa sababu nzuri. Atomi yake ni nzito, kwa hiyo joto haliitikisi sana na mistari yake hubaki myembamba. Kwa maumbile inapatikana karibu yote katika umbo moja la uzito 232, ambalo kiini chake hakiigawi mistari. Na mistari yenyewe ni maelfu, imetapakaa katika rangi zote. Kifaa cha HARPS kilichopo La Silla nchini Chile, kilichoanza kazi mwaka 2003, kilitumia rula hiyohiyo hata kikafikia usahihi wa mita moja kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Dunia yetu hulitikisa Jua kwa sentimita 9 tu kwa sekunde, na kwa kazi hiyo wataalamu wamehamia kwenye rula za leza. Darubini ya Hubble nayo ilipaa na taa za kinu cha platini na neoni kwa ajili ya kupimia urujuanimno.

Nimesikia kwamba vyombo vya angani vina injini ya umeme inayotumia kathodi yenye tundu. Injini bila ya mafuta wala panka inasukuma nini? — Fundi wa mashine za boti, Nungwi

Ndugu fundi, inasukuma gesi, kama vile panka la boti linavyosukuma maji nyuma ili chombo kiende mbele. Gesi hiyo ni zenoni. Atomi zake hunyang'anywa elektroni, kisha hurushwa nyuma kwa nguvu za umeme kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde.

Kathodi ya injini hii ni kinu kilichotobolewa chini: kijibomba chembamba ambacho zenoni hupita ndani yake, na kwa ndani kimewekwa wolframu yenye matundu madogo yaliyojazwa oksidi ya bariamu. Bariamu huzirahisishia elektroni kutoka, hivyo joto la nyuzi 1,000 na kidogo linatosha kuzimwaga kwa wingi, na likishawaka, plazima yenyewe, yaani gesi iliyogeuka kuwa ioni na elektroni, hulihifadhi joto hilo. Injini huwa na kathodi mbili. Moja huzaa ioni ndani. Ya pili, iliyo nje, humwaga elektroni katika mkondo wa ioni zinazoondoka. Hiyo ya pili ikifa, chombo hujaa chaji hasi na kuanza kuzivuta ioni zake zilezile zirudi, na msukumo hupotea.

Chombo cha Dawn cha Marekani kilichorushwa mwaka 2007 kilibeba kilo 425 za zenoni, kikafika kwenye asteroidi Vesta mwaka 2011 na sayari kibete Ceres mwaka 2015. Msukumo wake wa juu kabisa haukuzidi uzito wa karatasi mbili za kuandikia, lakini uliendelea kwa miaka. Injini ya akiba ya chombo kilichotangulia, Deep Space 1, iliwashwa katika maabara kwa zaidi ya saa 30,000, na wewe fundi unajua ni mashine gani ya boti iwezayo kufika huko.

Tyubu ya jikoni kwangu imekuwa nyeusi kwenye ncha zake mbili. Hiyo nayo ni kathodi ya kinu? Na mwanangu wa darasa la saba anataka kuiona hiyo mistari ya nuru mnayoitaja. — Mama, Michenzani

Hapana, Bibie, ndani ya ncha za tyubu mna koili ya waya wa wolframu iliyopakwa oksidi, ikiwamo ya bariamu, ile ile tuliyomtajia fundi wa Nungwi. Weusi unaouona ni metali na oksidi zilizochubuliwa na ioni, zikaganda kwenye kioo. Koili inakaribia kumaliza upako wake, na kubadilisha staata hakutaiponya. Ukiitoa usiivunje, kwani ina zebaki; ikivunjika kwa bahati mbaya, fungua madirisha, watoe watoto, na uokote vipande kwa karatasi ngumu badala ya kufagia.

Kuhusu mwanao, tafadhali asijaribu kutengeneza taa ya kinu, maana volti zake zinaua. Achukue sanduku la viatu, upande mmoja akate mwanya mwembamba kama unene wa kadi, na ndani, upande wa pili, ailaze kwa kuinama CD ya zamani, ambayo michirizo yake imepishana kwa maikromita 1.6 na kwa hiyo huitawanya nuru katika rangi zake. Juu ya CD atoboe tundu la kuchungulia. Usiku, auelekeze mwanya kwenye tyubu, kamwe asiuelekeze kwenye jua. Miongoni mwa rangi zitokazo kwenye unga mweupe wa tyubu ataona mistari miwili mikali ya zebaki, wa kijani wenye nanomita 546.1 na wa buluu-zambarau wenye 435.8. Kisha auelekeze kwenye bulbu ya LED, ambayo haina zebaki, na mistari hiyo miwili hataiona.